Mpira Haukuwa na Dawa

Leo naungama kosa langu la utotoni.

Nilisomea karibu na Moi's Bridge, mji ule wa reli na maghala ya mahindi baina ya Eldoret na Kitale. Sisi wasichana tulicheza raundasi: mmoja hurusha mpira mkono ukitokea chini, mwenzake huupiga kwa kirungu, kisha mbio kuzunguka vigingi. Mwenzetu mmoja alikuwa na mrusho wa ajabu. Ulipongojea mpira wake uteremke, ulikuwa ushapita juu ya kirungu. Siku moja alinishinda mara tatu mbele ya shule nzima. Kwa aibu nikasema, "Mpira wake una dawa." Neno likaenea. Wenzake wakaogopa kudaka mpira alioushika, naye akauacha mchezo.

Niliuelewa ukweli ukubwani, kwa kusoma habari za softiboli, ndugu ya raundasi, iliyoingia Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Huko mwanamke hurusha akiwa mita 13 hivi kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kasi ya kilomita 100 kwa saa hufika kabla ya nusu sekunde kwisha. Kwa muda huo mfupi, uzito wake pekee ungeushusha kama mita moja.

Lakini mrushaji hodari huuachilia kwa kuuzungusha kinyumenyume: uso wa juu hurudi kwake, wa chini huenda mbele. Mpira huo husukuma hewa chini, na hewa huusukuma mpira juu. Mjerumani Gustav Magnus alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1850. Ukizungushwa kimbele, mpira huzama. Ukizungushwa kwa ubavu, hupinda. Msukumo huo haushindi uzito, hupunguza tu kushuka. Kwa kuwa mpira ulirushwa kutoka chini ukipanda, na jicho linatazamia ushuke, mpigaji huapa kwamba umeruka.

Hivi majuzi nilimtafuta mwenzangu huyo, nikamwomba radhi. Alicheka, akachukua chungwa mezani, akanionyesha vidole vyake vilivyopita chini yake. Kumbe kila jioni alikuwa akirusha mpira wa matambara ukutani kwao.

"Ungeniuliza tu, dada," akasema, "ningekufunza."

Sikuwa na jibu. Msomaji, mwanao akirudi nyumbani ameshindwa, mfundishe kuuliza kabla ya kushuku. Usione vyaelea, vimeundwa.