Mkebe wa Vipande vya Ndege

Kipande changu cha kwanza cha ndege ya vita hakikuwa cha ndege. Nilikiokota mwaka 1989, nikiwa darasa la tano, mtaroni nyuma ya ploti tuliyokaa, mtaa wa Free Area. Ilikuwa silinda yenye mapezi, nzito kama jiwe la kusagia, imejaa lile vumbi la Nakuru lisilojua mlango wala dirisha. Niliibeba kifuani hadi nyumbani. Kwa muhula mzima kila aliyetaka kuishika alinilipa peremende moja, mpaka fundi mmoja wa pikipiki pale stejini alipoigeuza mara moja tu mkononi akasema, "Hii ni ya pikipiki, kijana. Tena ya juzi."

Peremende sikurudisha.

Aliyenitia wazimu huo alikuwa guka, babu yangu. Kabla hajaandikwa askari wa keya na kupelekwa Burma, alikuwa kijana wa kazi katika shamba la mzungu mmoja upande wa Solai, na alizoea kutusimulia kwamba wakati wa vita vya Hitla anga la Nakuru halikunyamaza, na kwamba ndege nyingine zilishuka pasipo na uwanja. Sisi wajukuu tulicheka. Nilikuja kujua baadaye kwamba hakuongeza chumvi hata punje. Mwaka 1941 Waingereza walihamishia Nakuru kituo chao nambari 70 cha kuwaivisha marubani, kutoka Ismailia nchini Misri. Ndege yao kuu ya mafunzo ilikuwa Blenheim, ndege ya mabomu yenye injini mbili za Mercury, kila injini na silinda tisa zilizopangwa duara, na ndani watu watatu: rubani, mwongoza njia na mpiga bunduki. Huku kwetu kulikuwa mbali na risasi na anga lilikuwa safi miezi mingi. Lakini Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu na ndege hutaka mbio ndefu zaidi kabla ya kupaa. Na walioshika usukani walikuwa wanafunzi, mbele yao mlima Menengai, pembeni kuta za Bonde la Ufa. Baadhi ya waliokufa mazoezini wamezikwa papa hapa mjini, katika makaburi ya Nakuru North. Vita vyenyewe hawakuviona.

Nilipofika sekondari nilikuwa na kanuni moja tu: kilicho chepesi na kisichoshika kutu ni cha ndege. Jumamosi nilizunguka kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, nikipekua malundo huku wenyewe wakinitazama kama mtu aliyepoteza pete. Kwa kanuni hiyo nilikusanya mifuniko ya mikebe ya maziwa, mabati ya bodi za basi na ubavu mmoja wa friji, ambao niliuandikia kwa rangi nyekundu "BAWA". Bawa la kweli, kama liliwahi kupita pale, lilikuwa limeshaingia motoni. Aluminiamu haiulizwi ilikotoka. Mafundi wa jua kali huiyeyusha, huimwaga kwenye kalibu ya mchanga, na jioni inauzwa sokoni ikiwa sufuria. Sitashangaa nikiambiwa kwamba nililishwa ugali uliosongwa ndani ya Blenheim.

Kusoma vyuma nilijifunza ukubwani, kwenye vibanda vya intaneti vya mjini, miaka ile ambapo dakika moja ililipiwa. Nilichogundua kilinivunja moyo kwanza, kisha kikaniamsha: chuma chenyewe hakisemi kitu, kinachosema ni nambari. Taji dogo lenye herufi A na M chini yake ni muhuri wa wizara ya ndege ya Uingereza. Nambari zinazoanza na 6A ni za vifaa vya kupimia, kama saa ya kuonyesha kimo. Za 5C ni za umeme, za 22C ni za mavazi ya warukaji. Hapo ndipo wengi wetu huteleza. Mtu akipata saa ya 6A hutangaza kwamba amepata ndege fulani, kumbe saa ile ile ilifungwa kwenye ndege za aina nyingi. Nambari hiyo inakutajia kifaa, haikutajii kilifungwa wapi. Ili kuijua ndege yenyewe unatafuta nambari za kiwandani zilizogongwa kwenye vipande vya bodi. Bristol, waliounda Blenheim, walitumia nambari ya aina ya ndege: 142 kwa Blenheim ya kwanza, 149 kwa ile ya pua ndefu, 152 kwa Beaufort, 156 kwa Beaufighter.

Nilirudi kwenye hazina yangu na orodha hiyo mkononi. Kwa jioni moja vipande sitini na kitu vikabaki vinne. Kimoja kati ya hivyo vinne, bamba lenye ukubwa wa kiganja, safu mbili za ribiti na rangi ya kijani upande wa ndani, kilikuwa na tarakimu tatu zilizosomeka kwa taabu: 142. Kilitoka kwenye mlango wa kibanda cha kuku. Nilikaa nacho mezani mpaka usiku wa manane, na siku hiyo nilimkumbuka guka, ambaye alikuwa ameshatutoka.

Nikapanda kichwa. Nilitia vipande vyangu kwenye mfuko nikaenda kuringa Hyrax Hill, makumbusho ambayo mtoto wa Free Area huyafikia kwa miguu. Shuleni tulipelekwa huko kutazama mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani na mahali Mary Leakey alipochimba mwaka 1937 na 1938. Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza wageni alivitazama vipande vyangu kwa adabu, kimoja kimoja, na kwa kila kimoja aliniuliza neno lile lile: "Hiki kilikuwa kimelala wapi?" Cha kibanda cha kuku nilijua kibanda, lakini mwenye kibanda alikinunua kwa mchuuzi. Vingine sikujua kabisa. Mzee akavirudisha mfukoni. "Basi umeokota," akasema, "hujakusanya."

Nilikasirika njia nzima. Alikuwa sahihi.

Lakini aliyenibadilisha hasa ni cucu, bibi yangu. Nilikuwa nimepewa kipande na rafiki mwenye shamba Kinangop, chini ya msitu wa Nyandarua: chuma kinene, kimepinda, kingo zake zimechanika kama mkate ulioraruliwa. Nilikiweka kwenye meza ya cucu nikamwambia kwa fahari kwamba ni cha ndege ya vita. Hakukigusa. "Vita gani?" akauliza. Nikaanza kumweleza habari za Hitla. Akanikata: "Hitla hakutupa kitu Nyandarua. Kitoe nje."

Alikuwa msichana wakati wa hali ya hatari. Mwaka 1953 ndege ndogo za Harvard, zilizotengenezwa ziwe za kufundishia, zilifungiwa mabomu ya ratili 20 na kutumwa juu ya misitu, kwanza kutoka Thika, kisha Mweiga. Kuanzia Novemba mwaka huo zikaja Lincoln, ndege kubwa za injini nne, zikipaa Eastleigh na mabomu ya ratili 500 na 1,000 kuwatafuta wapiganaji wa Mau Mau. Bodi ya ndege haina chuma kinene kama kile nilichomwekea cucu mezani. Kile kilikuwa kipande cha bomu. Mimi nilikuwa nimekijia na taji, A na M. Yeye alikijua kwa mlio. Nilikitoa nje, na cucu hakunizungumzia tena habari hiyo hadi alipokufa.

Tangu hapo naokota kidogo na kuandika sana. Sheria haitusaidii mno: kwa ile ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi, kitu cha kale ni kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, kwa hiyo Blenheim bado ni mtoto mchanga. Mizani ya wanunuzi wa vyuma ina kasi kuliko sheria. Kuna mnunuzi mmoja niliyemwachia pesa za amana anitunzie bamba lenye kibao cha nambari hadi mwisho wa mwezi. Nilipofika alinirudishia pesa zangu zote, kwa uaminifu, na bamba lilikuwa limeshakwenda tanuruni. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, nilipata miezi michache ya usingizi. Mei biashara ikarudi.

Mkebe wangu wa majani chai sasa una vipande vinne na daftari lenye kurasa zilizojaa: shamba, mwenye shamba alivyosimulia, kina cha udongo, picha ya nambari, na kitu chenyewe kikabaki kwa mwenyewe. Wewe uliye Bahati, Subukia, Solai au Kinangop, kama una bamba jepesi lenye ribiti na tarakimu, lipige picha na uandike lilitoka shamba gani kabla hujaliweka kwenye mizani. Na ukilima ukagonga chuma kinene cha mviringo ambacho hukijui, usikichimbue wala usikigonge. Weka alama, waondoe watoto, waite polisi.