Mgonjwa wa Jikoni

Kama umekulia Dar es Salaam basi na wewe umewahi kukaa kijiweni ukasikiliza hadithi za majuu. Kijiwe chetu kilikuwa Tandika, nyuma ya kibanda cha fundi viatu. Pale tulimjua aliyezamia meli, tulimjua aliyeoa Mzungu, tulimjua aliyerudi na redio kubwa kuliko meza ya mama yake. Hatukumjua hata mmoja aliyetuambia ukweli. Mimi nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunibeba, nikawa mchana nauza vocha na usiku naandika riwaya kwenye madaftari. Mwaka 2023 na mimi nikapata kazi Uingereza, mji wa Leicester, katika makao ya wazee. Kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Ndiyo majuu yenyewe hayo.

Usiku wangu wa kwanza nilipangwa zamu na mama mmoja wa Kinigeria, umri wa shangazi yangu. Kila mtu alimwita Aunty. Nilidhani ni mhudumu kama mimi mpaka nilipomwona akibadilisha mashuka ya mzee aliyelala, na mzee asiamke. Nikamuuliza kajifunzia wapi.

"Nilikuwa sista mkuu wa wadi, Ibadan," akasema. "Miaka kumi na minane. Sasa kamata upande huo, tumgeuze."

Ngoja nikueleze mambo yalivyo. Nesi aliyesomea nje haruhusiwi kufanya kazi ya unesi Uingereza mpaka asajiliwe na baraza lao la wauguzi na wakunga. Kuna kipimo cha Kiingereza, kuna mtihani wa kompyuta, na mwisho kuna mtihani wa vitendo wanaouita OSCE. Huo una vituo 10. Mtahini anasimama na karatasi yake, wewe unahudumia mgonjwa wa kuigiza au mwanasesere, na kila jambo lina alama yake. Aunty alikuwa ameanguka mara mbili. Mara ya tatu ilikuwa ni Februari 2024, kule Northampton, na akianguka tena mwajiri hatamsubiri. Watoto wake wawili walikuwa kwa bibi yao, wanasubiri.

Jumapili moja akaniambia, "Tanzania, una kazi leo?" Hilo ndilo lilikuwa jina langu. Nikasema sina. "Basi njoo uwe mgonjwa."

Nikaenda. Nyumba ilikuwa ya nesi mmoja Mwigbo, jiko dogo, watu tisa. Meza imesogezwa ukutani, mto wa kochi uko sakafuni ndiyo kifua cha mtu aliyezimika: mikandamizo 30, pumzi 2, mikandamizo 30, pumzi 2, na mtu anahesabu kwa sauti huku sufuria ya jollof, ule wali wao mwekundu wa nyanya na pilipili, inatokota. Wengine walikwisha kufaulu zamani. Hawakuwa na shida yoyote pale. Walitoka zamu ya usiku, macho mekundu, wakaja kuwafundisha wenzao bure.

Mimi nililazwa juu ya mkeka. Siku hiyo niliumwa pumu. Jumapili iliyofuata nilivunjika mguu, nyingine nilitoka kupasuliwa. Wananipima presha, joto, mapigo, wananihesabia pumzi dakika nzima. Kusema kweli tangu nizaliwe sijawahi kuangaliwa afya yangu kiasi kile.

Hapo nikaona Aunty anaangukia wapi. Mikono yake ilijua kazi kupita wote mle ndani, ila ilikuwa inafanya kimya kimya. Wadi yake ya Ibadan ilijaa, ukimwuliza kila mgonjwa jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa jua litazama. OSCE inataka useme. Nanawa mikono. Naomba ruhusa yako. Nahakikisha jina lako. Usiposema, hukufanya.

Sasa nani wa kumwambia? Kulikuwa na binti Myoruba, rika langu, aliyefaulu mara ya kwanza. Kwa mila yao mdogo hamsahihishi mkubwa hivi hivi. Nilimwona kwa macho yangu: alipiga magoti mbele ya Aunty pale kwenye vigae, kama mtu anayeamkia, akainamisha kichwa, halafu akasema, "Aunty, umeanguka. Hukumuuliza jina, na pumzi umehesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili."

Jiko likanyamaza. Aunty akanigeukia mimi. "Ni kweli?"

Mimi ndiye niliyekuwa napumua, nilijua. Nikasema, "Kweli, Aunty."

"Na wewe umesomea wapi unesi?"

Sikujibu. Alivua glavu, akatoka nje kwenye baridi bila koti. Nilidhani mambo yameisha. Akakaa huko kama robo saa, akarudi, akanawa mikono, na safari hii akasema kwa sauti kwamba ananawa. "Tanzania, lala. Jina lako kamili ni nani?"

Basi tukaanza upya.

Alifaulu. Alipopata ujumbe tulikuwa zamu, akanishika mkono bila kusema neno, tukaenda kumwogesha mzee wa chumba cha mwisho.

Nimejiuliza sana kwa nini watu wale wanashikana hivyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, Nigeria imo, na sisi Tanzania tumo. Mwongozo wa Uingereza unawakataza waajiri kwenda kuwatafuta watu katika nchi hizo, lakini mtu akiomba mwenyewe hakatazwi. Kwa hiyo kila mmoja anakuja kivyake, na asipomkuta mwenzake anakuwa yatima. Kiyoruba wana neno, *japa*, yaani kukimbia, kutoka mbio. Wanalitamka kwa kucheka, lakini nimeona kicheko chake kinavyoishia. Madaktari wao walikwisha kujipanga zamani: Marekani wana chama chao, ANPA, tangu 1995, na Uingereza wana MANSAG tangu 1997. Manesi wa jiko letu hawakuwa na katiba wala mhuri. Walikuwa na sufuria na *ajo*, ambayo wewe na mimi tunaiita upatu.

Usidhani ni malaika. Aliyemwuzia mmoja wao ahadi ya kazi isiyokuwepo alikuwa Mnigeria mwenzake, na pale jikoni nimeshuhudia ugomvi wa ajo mpaka vijiko vikarushwa. Wiki iliyofuata wote walikuwepo tena.

Mei 2024 baba yangu alifariki, Tandika. Alizikwa siku ile ile, na mimi niliyasikiliza mazishi kwa simu, nimekaa kwenye ngazi za dharura na sare ya kazi. Zamu yangu ya ajo ilikuwa ya mwisho. Jioni Aunty akaja na bahasha: wamekaa, wamenipa ya kwanza. Hitma ya baba ikasomwa kwa pesa ile. Na usiku ule nesi mmoja wa Kano, Mhausa, alikaa na mimi chini jikoni akasoma Yasini yote. Alipomaliza akaniuliza yale madaftari yangu ni ya nini. Nikamwambia naandika riwaya. "Ah," akasema, "labari." Kwao *labari* ni habari, na ni hadithi pia. Kwetu ni habari tu, hadithi tumeipa jina lake. Labda ndiyo maana kijiweni tulikuwa tunachanganyiwa.

Sasa sikiliza aibu yangu. Kabla ya hayo, mshikaji mmoja wa Mbeya aliyekuwa anakuja Leicester aliniandikia ujumbe, anauliza nilipitaje, nyumba inapatikanaje. Sikumjibu. Niliogopa atanigandia. Watanzania tupo kule, tunasalimiana vizuri, "mambo, poa", halafu kila mtu anaficha njia aliyopitia kama mchawi anayeficha tunguri.

Baada ya hitma nilimtafuta. Alikuwa amelala miezi miwili kwenye kochi la Mghana, naye hakuwa amemjua kabla. Alinisikiliza, akasema tu, "Poa kaka, nilikwisha pata." Hakunitukana, na ingekuwa afadhali anitukane.

Julai 2025 Uingereza ilifunga mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka nje. Kwa hiyo wewe uliye kijiweni, sikuandikii haya uje. Nakuandikia ili ukisimuliwa majuu umwulize msimulizi: ulipofika, nani alikupokea? Na wewe ukampokea nani?

Jumapili bado naenda. Wiki hii kuna binti kutoka Enugu, mtihani wake ni mwezi ujao, mikono inamtetemeka. Mimi nitaumwa pumu.