Sehemu ya 6: Siku tuliyompeleka binti chuo

Wengi mmeniuliza: mtoto mwenye siko seli anaweza kwenda kukaa bweni chuoni, mbali na mama? Anaweza. Leo nawasimulia ya nyumbani kwangu, maana uuguzi una zamu, umama hauna.

Binti yetu alipangiwa UDOM. Kutoka Manyoni si mbali, unapita Bahi unaingia Dodoma. Lakini baba yake alikuwa hali vizuri. Alitaka tumpangie chumba mjini akae na shangazi yake. Nikamwambia, baba, ugonjwa ni wake, ataishi nao hata sisi tukiwa hatupo. Acha ajifunze sasa tukiwa bado tunapokea simu.

Begi la dawa nililipanga kabla ya godoro na ndoo. Foliki asidi ya kila siku, haidroksiyurea yake, kipimajoto, kadi ya kliniki, bima. Na sweta! Watu wanadhani Dodoma ni joto tu. Subirini asubuhi za Juni na Julai na ule upepo. Baridi inaamsha maumivu. Kiu nayo inaamsha. Chuo kimetapakaa vilimani, watoto wanatembea sana juani, kwa hiyo chupa ya maji haiachwi chumbani.

Homa nilimrudia mpaka akachoka. Ikifika 38, usimeze panadol ukalala. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Kwa mwenye siko seli bandama haifanyi kazi vizuri, vijidudu vinasambaa haraka. Bahati nzuri Hospitali ya Benjamin Mkapa iko hukohuko eneo la chuo.

Kazi ikawa bwenini. Tumemkuta mwenzake wa chumba, binti mpole tu, anatandika kitanda. Mimi mdomo umeshafunguka nimweleze kila kitu. Mwanangu akanishika mkono, akasema taratibu, "Mama, hilo nitamwambia mwenyewe." Jamani! Miaka 18 nimekuwa mdomo wake. Nikameza mate, nikanyamaza. Kwenye gari baba yake hakusema neno mpaka Bahi.

Wiki ya tatu, saa nane usiku, simu. Moyo ukapasuka. "Mama usishtuke. Nilipima, ni 38.4. Niko hospitali tayari, wameshaniwekea dripu. Mwenzangu ndiye kanisindikiza." Alikuwa ameshamwambia.

Kwa hiyo mama mwenye mtoto mdogo wa siko seli, usingoje barua ya chuo. Akiwa na miaka 8 ajue jina la ugonjwa wake. Akiwa na 12 ameze dawa bila kukumbushwa, wewe ukihesabu tu vidonge. Akiwa na 15 kliniki aongee yeye na daktari, wewe kaa pembeni usikilize.

Wako ana miaka mingapi, na anajua nini mpaka sasa? Niandikieni hapo chini. Kesho tunaongelea chakula cha mwanafunzi bumu likiisha.