Alama Nyekundu

Mbinga, 9 Julai 2023
Jana nimevuta tena, nyuma ya choo kama kawaida yangu. Leo nimeandika nyuma ya daftari la kahawa tarehe zote nilizorudia sigara tangu Januari: mara nne. Nikazilinganisha na kalenda ya ukutani, ile ninayotia alama nyekundu nikiingia mwezini. Mara tatu nimeangukia wiki ile ile, damu ikishakatika. Ya nne ilikuwa mkesha wa damu, siku niliyogombana na kila mtu kwenye vichanja vya kahawa, hata na mzani. Na mimi nilidhani ni uzembe tu.

11 Julai
Nesi rafiki yangu amenieleza jikoni kwake, akichambua mboga. Homoni ya estrojeni huharakisha mwili kuvunja nikotini, basi hamu hurudi upesi. Projesteroni, inayopanda yai likishatoka, huenda huipoza. Huko Minnesota, Marekani, utafiti wa 2008 uliona kwamba kati ya wanawake walioacha sigara katika nusu ya kwanza ya mzunguko, asilimia 86 walirudia ndani ya siku 30. Wa nusu ya pili, 66. Ila watafiti wengine waliowapa wanawake vibandiko vya nikotini wakapata kinyume chake. Nimecheka. Hata wazungu wanagombania mwezi wangu! Vibandiko vyenyewe sijaviona duka lolote la dawa hapa, kwa hiyo nafuata Minnesota. Nitaacha tarehe 20, nikiwa nusu ya pili.

16 Julai, Mbamba Bay
Mwera unavuma, mitumbwi imelala. Bibi ameanika usipa, ugoro kwenye kikopo pembeni.
“Bibi, mwezi ulikuwa unakuzidishia hamu ya ugoro?”
“Enzi zetu ukiwa mwezini hutii chumvi mbogani, anatia mtoto. Ugoro hakuna aliyeukataza.” Akapiga chafya.

20 Julai
Nimeanza. Fegi tatu zilizobaki nimezitupa chooni, zisije zikaniita usiku.

27 Julai
Kichwa, hasira, usingizi hauji. Ni sigara au ni damu iko njiani? Dalili zafanana mno. Nimemfokea mdogo wangu kwa ajili ya sufuria.

30 Julai
Damu imekuja asubuhi, hasira ikashuka. Siku kumi bila fegi. Nimetia alama nyekundu. Wiki yangu mbaya ni ile inayofuata. Nimejaza mfukoni usipa wa Bibi, wa kutafuna mkono ukitafuta kiberiti.