Sukari Huyeyuka, Mchanga Hauyeyuki

Katika elimu ya kemia lipo fundisho ambalo wanafunzi hulikariri upesi na kulisahau upesi, nalo ni jinsi atomu zinavyoshikana. Nataka kulieleza kwa vitu tuvionavyo hapa Mara.

Tieni sukari katika maji: hutoweka. Tieni mchanga mweupe wa ufuoni Musoma: hata mwaka ukipita mtaukuta chini. Kwa nini? Sukari ni makundi madogo ya atomu. Ndani ya kila kundi atomu zimeshikana sana, lakini kundi na kundi yameshikana kidogo tu. Na kamba hukatika pabovu. Maji huyatenga makundi hayo. Bali mchanga huo ni kwatsi, jiwe lililomo katika majabali yetu toka Bunda hata Musoma. Ndani yake kila atomu ya silikoni imeshikana na nne za oksijeni, na kila oksijeni na silikoni mbili, kwa kushirikiana elektroni. Chembe nzima ni kundi moja, wala hamna pabovu. Hata moto hauiyeyushi mpaka ufike yapata digrii 1,700.

Almasi, kama zile za Mwadui alizozigundua John Williamson mwaka 1940, ni kaboni. Na weusi wa penseli ni kaboni pia. Katika almasi kila atomu imeshikana na nyingine nne, pande zote. Katika penseli imeshikana na tatu tu, zikawa tabaka zitelezazo; ndipo tunaandika.

Basi, faida ya kujua haya ni nini? Huko Buhemba, wilaya ya Butiama, dhahabu hukaa ndani ya miamba ya kwatsi. Vijana huiponda kwa nyundo na makarasha, vumbi likapanda. Vumbi hilo likiingia kifuani haliyeyuki, kama vile mchanga usivyoyeyuka kikombeni. Hukaa mapafuni, likaleta makovu, hata pumzi ikawa fupi. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, nao hukifungulia mlango kifua kikuu. Kitambaa puani hakizuii vumbi jembamba. Mawe na yaloweshwe maji yanapopondwa, na watoto wakae mbali.

Mwanafunzi aliyelielewa fundisho hili asingoje mtihani. Amweleze kaka yake aliye machimboni, maana kaka hakuambiwa na mtu.