Taa ya Oili na Injinia wa Mwaka wa Pili

Likizo ya mwaka wa pili nilirudi nyumbani Ndandalo nikiwa nimeshaanza kuitwa injinia. Wanaoijua Kyela wanajua jua la kule halina mchezo: tuko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na joto la ziwa linakukaba hata ukiwa kivulini. Baba mdogo alikuwa na gari dogo la abiria, Kyela kwenda Tukuyu na kurudi. Ada yangu ilikuwa inatoka humo.

Siku moja akaniambia, "Injinia, gari ikishuka kutoka Tukuyu, ikifika stendi taa ya oili inawaka. Nikikanyaga mafuta kidogo inazima. Shida nini?"

Sikufungua hata boneti. Nilikuwa nimetoka kupata A ya mekanika ya vimiminika, bwana! Nikamwambia oili ikipata joto inakuwa nyepesi, presha inashuka. Aache hiyo 10W-30, aweke 20W-50. Akaweka. Taa ikazima kabisa. Pale stendi nikanunuliwa soda.

Nikarudi chuo. Baada ya wiki kama sita akapiga simu: taa sasa inamweka kwenye kona tu, zile za kupanda Tukuyu. Na baba mdogo kona hizo huzipiga kama yuko kwenye ralli. Nikamjibu nikiwa kwenye foleni ya msosi, "Hiyo kawaida baba mdogo, hata magari ya mashindano oili huhama kwenye kona." Tukacheka. Wiki hiyohiyo injini ikanoki.

Nilichosema kuhusu magari ya mashindano kilikuwa kweli, ila nusu. Kwenye kona kali oili inakimbilia upande mmoja wa sampo, bomba la pampu linabaki linanyonya hewa, presha inaanguka. Lakini wanaoshindana, hata wale wa ridhaa wenye gari la mtumba, hawaiiti kawaida. Wanachomelea vizuizi ndani ya sampo ili oili isikimbie, wanahakikisha iko kwenye alama ya juu, wanafunga geji. Wanajua kwamba sekunde chache za chuma kusaga chuma zinatosha kuua metali za injini.

Sampo letu lilikuwa karibu tupu. Injini ilikuwa inakula oili, na hakuna aliyechomoa stiki kuangalia, kwa sababu taa ilikuwa "imepona".

Fundi mzee aliyeishusha injini alinipigia mwenyewe. "Mwanangu, mlimziba mtoto mdomo, homa hamkupima."

Alikuwa sahihi. Pampu inasukuma oili. Presha inatokana na ugumu inaoupata oili kupita. Metali zikilika, nafasi inapanuka, oili inapita kirahisi, presha inashuka. Ukiweka oili nzito namba inapanda tena, ila ile nafasi iko palepale. 20W-50 haikuwa na kosa lolote. Kosa ni dawa kutangulia kipimo.

Na taa yenyewe huchelewa. Swichi yake kwenye magari mengi hushtuka presha ikiwa imebaki kama psi 5 hivi. Mafundi wa mashindano wana kanuni yao ya mkono: injini ikiwa moto, psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Kwa hiyo ukiiona inamweka kwenye kona, injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000, ulipaswa kuwa na 30 na umebakiwa na 5. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya palepale kwenye foleni ya msosi.

Ada ya muhula ule ilitoka kwenye mpunga wa bibi. Nyumbani hakuna aliyenilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Baba mdogo alisema tu, "Mashine ni mashine."

Sasa gari lina injini nyingine, na geji ya presha imefungwa kwa waya pembeni ya usukani. Akifika stendi hunitumia ujumbe: "Imesimama, iko moto, 18. Stiki iko juu. Ndaga."

Namjibu ndaga, halafu namuuliza kona za leo alizipigaje.