Ukuta Ndani ya Ziwa

Safari hii haikuwa ya matembezi. Chama cha akiba cha akina mama mtaani kwetu, ambacho mama yetu ni mweka hazina wake, kilikuwa kimeletewa mchoro na mtu mmoja mwenye maneno matamu. Mchoro ulionyesha pembe ya ziwa la magadi huko Bonde la Ufa, imekatwa kwa ukuta wa udongo, na ndani ya ukuta mnaoteshwa spirulina, mwani mdogo wa kijani unaokaushwa na kuuzwa kama unga wa lishe. Iliyotakiwa ni amana tu, nayo ilikuwa akiba ya miaka minne. Mama akasema, "Wanangu, kabla hatujatoa hata senti, nendeni mkayaone hayo maji."

Tulishika treni ya asubuhi hadi Nairobi, tukalala kwa jamaa zetu Eastleigh, na siku ya pili tukafika Nakuru. Mwenye mchoro alisema pembe yake iko katika ziwa la jirani, lakini tabia za maziwa haya ni za udugu, na Nakuru ndilo lililo rahisi kulitazama. Tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kisha tukaingia hifadhini.

Kwa sisi tuliolelewa na bahari, ziwa hili ni geni. Kule Kibuyuni, Kwale, wanawake wanaolima mwani hufunga vipande kwenye kamba, kamba wakazifunga kwenye vigingi, kisha maji kujaa na kupwa humaliza kazi. Hakuna anayewaza ukuta. Ziwa Nakuru halijai wala halipwi kwa saa, na zaidi ya hayo halina mto utokao. Maji huingia kwa mito ya Njoro, Makalia na Nderit, kwa chemchemi na kwa mvua. Njia kuu ya kutoka ni kupaa kwa jua. Magadi hubaki nyuma. Ndiyo sababu spirulina, ambayo hupenda maji makali yanayowashinda samaki wengi, ilistawi humo, na flamingo wakaifuata kwa maelfu.

Tulipanda Baboon Cliff tukatazama chini. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limekuwa likipanda. Eneo lake lilikuwa kama kilomita za mraba 40. Sasa limepita 60. Lango kuu la zamani la hifadhi lilimezwa na maji. Migunga iliyokufa imesimama ndani kama milingoti ya majahazi yaliyozama. Maji matamu yalipozidi, ukali wa magadi ulipungua, spirulina ikapungua nao, na flamingo wengi wakahamia Bogoria.

Tukaukunjua ule mchoro juu ya jiwe. Ukuta ulikuwa na kimo cha mtu mzima. Haukuwa na lango la kuingiza maji wala la kuyatoa, na aliyeuchora hakusema lolote juu ya maji yanayopenya chini ya tuta, ingawa udongo wa ufukweni ni matope. Jua likiwaka, maji ya ndani yatakolea chumvi. Mvua ikizidi, ziwa litapita juu ya ukuta. Tena spirulina ya kufugwa hutaka kina cha sentimita 20 au 30 tu, na maji yanayosukumwa polepole kwa gurudumu la makasia ili kila uzi upate zamu yake ya jua. Na hatukusahau kwamba maji machafu ya mji wa Nakuru, hata yakisafishwa, huishia ziwani. Je, tungewalisha watu nini?

Ukuta wa namna hii umewahi kufaulu. Nchini Mexico, penye Ziwa Texcoco la kale, kampuni ya magadi ilijenga bwawa la mzunguko mfano wa konokono, upana wake zaidi ya kilomita 3, ili jua likoleze maji ya magadi. Spirulina ilijiotea humo kama usumbufu. Kufikia miaka ya 1970 ikawa bidhaa. Lakini pale ziwa lilikuwa limekwisha kukauka, na maji ya magadi yalivutwa kwa pampu kutoka ardhini, kwa kipimo. Nao Waislamu wenzetu wa Kanem, nchini Chad, hawajengi kitu: upepo hukusanya mwani kandoni mwa vidimbwi, wanawake huuchota na kuumwaga juu ya mchanga ukauke.

Kwa maoni yetu, anayetaka kilimo hiki na achimbe bwawa dogo mahali pa juu, alitandike turubai, atie magadi kwa mizani. Ni kazi ndogo, na faida yake ni ndogo kuliko ile iliyoahidiwa.

Tuliporejea, Mama aliwakusanya wenzake barazani. Tukaeleza yote, tukaonyesha picha za migunga. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, aliuchukua mchoro akauweka karibu na macho, akauliza, "Na ziwa likipanda, ukuta ataupandisha nani?" Mweka hazina akalifunga daftari. Jumatatu yake yule bwana alipiga simu mara tatu.